Nguzo ya Nashon Chini ya Daraja la Luteni

Mume wangu Nashon Ochola amejenga nusu ya kuta za Spring Valley, na hajawahi kuamini kipimo kisichotoka kwenye jicho lake. Siku ya mtihani wa binti yetu alikuwa na wasiwasi kuliko mtahiniwa mwenyewe.

Valarie ni luteni. Alikuwa anamaliza shule ya wahandisi wa jeshi, na mtihani wa mwisho ulikuwa kujenga daraja la mbao juu ya kijito kilichokata njia yetu hapa Woodley. Shule yao ina desturi moja ya kichaa: aliyechora daraja husimama chini yake lori la kwanza likipita. Na akisaidiwa na mtu wa nje, hata kwa msumari mmoja, amefeli.

Asubuhi nzima Nashon alifumba jicho moja akinung'unika. "Hapo katikati hakuna nguzo. Hiyo kitu italala."

"Binti yako amepiga hesabu," nikamwambia.

"Hesabu haibebi lori, Mama Valarie."

Maafisa walipoenda kula, nami nikaenda kununua mahindi ya kuchoma. Niliporudi, mume wangu alikuwa na matope hadi magotini na uso wa malaika. Nikajua tumekwisha.

Meja Mwololo, mwalimu wao, akashuka kukagua. "Luteni, hii nguzo haiko kwa mchoro wako."

Valarie akaitazama. Ilikuwa imekazwa kwa kabari tatu, jinsi Nashon anavyokaza kila kitu kwetu, hata kitanda. Akainua macho ukingoni, akamwona baba yake. Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo kicheko kilikuwa kinanipanda kooni.

"Si yangu, afande," akasema. Akazipiga kabari teke, nguzo ikaanguka majini. Kisha akasimama palepale ilipokuwa, akamwita dereva.

Lori likaja limejaa mawe. Mbao zikalia. Nashon akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Lori likavuka, na daraja halikulala hata kidogo.

Nilipiga vigelegele nikirukaruka na mahindi yangu, sijali umri. Meja akaandika kitu. "Umepita. Sasa, mwenye nguzo ni nani?"

Nashon akateremka akiwa amevua kofia. "Ni mimi, afande. Niliogopa. Lakini naomba lori lirudi, nisimame na yeye."

Meja akacheka, akampungia dereva. Lori liliporudi, Nashon alikuwa chini pale kando ya binti yake, na hakuangalia juu hata mara moja.