Yowe la Mama Kwenye Trela

Sijawahi kumaliza filamu ya kutisha hata moja. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania bingwa. Mlango ukianza tu kulia kwenye kioo, nakumbuka kwamba sijafunga baiskeli yangu, natoka nje, na nikirudi wenzangu wameshamzika marehemu. Lakini trela naziweza. Trela ni kionjo cha filamu cha dakika mbili, na kwa dakika mbili hata mwoga anaweza kubana pumzi.

Nilikuwa na kibanda karibu na soko la Ifakara, cha kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu. Mteja wa filamu za kutisha hachagui kwa jina. Anasema, "Nionyeshe kidogo." Hicho kidogo ndicho trela, kwa hiyo nimetazama trela nyingi kuliko mtu yeyote katika bonde letu, nyingine kwa jicho moja. Nikagundua kwamba zote zimepikwa chungu kimoja. Familia yenye furaha inahamia nyumba mpya, na hakuna anayeuliza kwa nini nyumba kubwa hivyo ilikuwa tupu. Mlango unafunguka wenyewe. Mtoto anaimba polepole, kwa namna ambayo hakuna mtoto wa kweli aliyewahi kuimba. Muziki unanguruma chini, unapanda, halafu unakatika. Kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, na unapotaka kupumua ndipo mtu anapopiga kelele. Mwishoni sauti nzito inakuonya usitazame ukiwa peke yako, nayo inajua fika kwamba ukishakatazwa utakuja. Jini lenyewe hulioni. Unaonyeshwa kivuli, ukucha, shuka linalotikisika, na yaliyobaki unajitengenezea mwenyewe kichwani.

Niliyaandika haya yote kwenye daftari, na wateja wakipita nilikuwa nikiwahubiria. Nilijiona profesa. Profesa ambaye akienda chooni jioni anaimba kwa nguvu ili asikie kuna mtu.

Kwa hiyo wenzangu watatu walipotengeneza filamu yao ya jini la mashamba ya mpunga, trela nikapewa mimi. Walirekodi Namawala, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu hukaa kuamia ndege. Jini wao alivaa chandarua. Sasa sisi watu wa huku tumezaliwa ndani ya chandarua na tutafia ndani ya chandarua; sijui kitu duniani kinachotutisha kidogo kuliko hicho. Nikawaambia kwa sauti ya kitaalamu, "Jini asionekane kabisa kwenye trela." Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima, wakidhani ni sanaa. Mimi nilikuwa naficha aibu tu.

Tatizo likawa kelele. Dada aliyeigiza alikuwa na uso mzuri wa hofu, ila akipiga kelele unadhani anaita mbuzi. Trela bila kelele ni chai bila majani. Nikamfuata mama yangu, anayeishi Lumemo, kwa sababu katika maisha yangu sijasikia sauti kama yake. Mama akifukuza ndege shambani, walioko shamba la tatu nao wanainama.

"Mama, naomba unipigie yowe. Moja tu, nirekodi."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni la filamu."

"Yowe halipigwi bure, baba."

Nikaanza kumweleza habari ya muziki unaokatika na ule ukimya wa kuhesabu tatu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kama anayemweleza mgeni, mimi niliyezaliwa pale pale. Kwetu, ukisikia yowe, au mwano kama majirani zetu Wasukuma wanavyouita, unashika kilichopo mkononi na kukimbia. Huulizi ni la nani. Asiyetoka, kesho yake atajieleza mbele ya watu. "Na anayelipiga kwa mchezo," akasema, "siku yake ikifika atalia na kunguru. Mimi naishi peke yangu hapa. Sina mume, sina mbwa. Nina yowe."

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kwamba nitafute njia nyingine.

Wiki iliyofuata nilirudi kurekodi mlango wake wa jikoni, ambao ulikuwa unalia vizuri kuliko mlango wowote wa trela. Nilikuwa nimeshika simu, naufungua na kuufunga kama mtu asiye na kazi, nyoka akatoka nyuma ya kuni. Mama akapiga yowe. Sikuwahi kulisikia kwa karibu hivyo. Lilinipanda kwenye meno. Hata hatujajua la kufanya, majirani walikuwa wameshajaa uani na mapanga, na bibi wa nyumba ya pili, mwenye miguu mibovu, alikuja na mchi. Nyoka aliuawa. Mwanaume pekee wa familia alipatikana amesimama juu ya meza, bado ameshika simu, na simu bado inarekodi. Baada ya yowe inasikika sauti nyembamba ikiuliza, "Mama, limeondoka?" Kipande hicho nilikikata.

Yowe sikulikata. Niliweka ngurumo, mlango, kimya cha kuhesabu tatu, kisha mama. Wenzangu walipoitazama kwenye simu, mmoja alimwaga soda. Mama sikumwambia. Nilijisemea kwamba sauti ikishatoka mdomoni ni ya hewani, na kitu cha hewani hakina mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa na akili siku hizo.

Siku ya onyesho tulikodi bajaji yenye spika, kama zinazotangaza mpira na misiba. Hapo ndipo daftari langu liliponitupa. Trela yangu ilikuwa ya kutazamwa kwenye simu, chumbani. Mchana ule ilibaki sauti peke yake, juu ya injini. Ngurumo haikusikika. Mlango haukusikika. Ulipofika ule ukimya wangu mtukufu, dereva akapiga spika ngumi akisema, "Broo, imekufa hii!" Na hapo hapo mama akapiga yowe, Lumemo nzima, saa tisa mchana.

Nimesoma kwenye daftari langu mwenyewe kwamba kelele huvuta watazamaji. Ilivuta. Wanawake waliacha vyungu motoni. Mafundi walishuka kutoka juu ya nyumba. Niliona watu wakitoka na mapanga, majembe, mmoja na mwiko, nikawapungia mkono kwa furaha nikidhani wanatushangilia. Hawakutuangalia. Waliijua ile sauti, na wote walikuwa wanakimbilia kwa mama.

Alikuwa amekaa mkekani, ameweka ungo mapajani. Wakamkuta mzima. "Kuna nini? Nani kakugusa?" Yeye akaweka ungo chini ainuke. Bajaji yetu ikazunguka kona, na mbele ya majirani zake wote waliosimama na mapanga, mama akajisikia mwenyewe akilia barabarani, kisha sauti nzito, ambayo ni yangu nikiwa nimeziba pua, ikisema, "Usije peke yako."

Jioni ile ukumbi wa onyesho ulijaa watu waliotaka kujua. Jini alipotokea, mtu wa mbele akauliza kwa sauti, "Hicho si chandarua cha kliniki?" Watu wakacheka hadi mwisho wa filamu. Mimi nilikuwa nje, naangalia kama baiskeli imefungwa.

Mjumbe wa mtaa alinipangia adhabu ya haki: nipite nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nilipita. Shikamoo, naomba msamaha. Shikamoo, naomba msamaha. Walinisamehe, wengine huku wakicheka. Yule bibi wa mchi alikuwa amelala, goti limevimba kwa zile mbio. Akasema, "Marahaba mwanangu. Filamu ilikuwa nzuri?" Nilitamani anipige.

Mama hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alinipakulia wali, akakaa, akasema, "Umelichukua."

"Nini, mama?"

"Yowe langu."

Nikamwambia watu wamesamehe, watasahau. Nilifuta trela kwenye simu yangu mbele yake, kwa mbwembwe, ingawa nilijua imeshasambaa kwenye simu za vijana wa soko zima.

Kiangazi kilichofuata jiko lake liliungua. Lilikuwa la nyasi, cheche moja tu. Mimi nilikuwa kibandani. Nilikuja kusimuliwa na yule bibi. Alisema mama alifika mlangoni kwake akasimama. Akasema hodi. Akangoja akaribishwe. Akasema shikamoo, akaulizia goti. Kisha akasema, "Dada, naomba unisaidie maji, jiko langu linaungua." Bibi akatoka akaona moshi umeshapanda juu ya paa, na ndoo mbili zilizokuwepo hazikutosha.

"Mbona hukupiga yowe?" bibi alimuuliza.

"Mngesema ni filamu."

Niliposimuliwa hivyo nililia, mtu mzima, mbele ya kinu kilichobaki mkaa. Kinu hicho mama alikuja nacho kutoka Mahenge akiwa bibi harusi. Nilimjengea jiko jingine, la matofali na bati, na majirani walikuja kunisaidia bila kuitwa. Wote walimwambia kwamba siku nyingine apige, watakuja, wanaapa watakuja. Naamini wangekuja. Yeye aliwashukuru, akawapa togwa, na hakuahidi chochote.

Siku hizi akiona nyoka ananipigia simu. Ananisalimia kwanza. Ananiuliza habari za kazi, nimekula nini, mvua imenyesha huko sokoni au bado. Mimi najibu huku natafuta kandambili, kwa sababu sauti yake ikiwa na adabu kupita kiasi nimeshajua. Mwishoni anasema, kama mtu aliyesahau chumvi, "Halafu kuna nyoka jikoni."

Basi mimi, niliyepanda meza, ndiye ninayekimbia. Nakimbia kutoka sokoni hadi Lumemo na panga la kuazima, naomba njia nzima nyoka awe ameondoka mwenyewe. Nikifika namkuta mama amesimama katikati ya uwanja, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.