Wimbo wa Kumlilia Mama

Mjukuu wangu akichoma korosho, moshi ule hunirudisha kwenye kibaraza cha mwalimu wa gitaa, fundi wa nyimbo za majonzi pale Naliendele. Vidole vyangu vilikuwa vimebabuka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho, naye akacheka, "Hivi ndivyo vidole vya gitaa, binti!" Akanifundisha. Nami nikamwimbia wimbo niliotunga wa kumlilia marehemu mama yangu.

Siku aliyoalikwa redioni nikawaita majirani: "Njooni, leo nitatajwa!" Akaupiga wimbo wangu wote, watu wakafuta machozi. Mtangazaji akauliza ni wa nani.

"Wangu," akajibu mwizi yule kwa sauti tamu. "Nilimtungia marehemu mama yangu."

Mama yake, mzima wa afya, alikuwa mkekani kwetu anabangua korosho. Hakuinua uso.