Foto ya Matongo

Mjukuu wangu amenikera wiki hii. Nilimtolea kikapu changu cha foto, zote nilizopiga tangu nilipopata kamera ya kwanza, nikidhani atafurahi. Akazipitia moja moja: vilima, mito, bonde lenye ukungu, barabara ya Kabambare baada ya mvua. Kisha akainua uso akaniuliza, "Nyanya, watu wako wapi?" Nikamwambia ale wali wake anyamaze. Lakini swali lile nililisikia zamani, hata mama yake hajazaliwa. Na wewe rafiki yangu una subira kuliko yeye, basi kaa nikueleze.

Tulikuwa tukiishi njia ya kwenda Wamaza, nyumba huku na huku ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Hatukuchagua kukaa hivyo. Enzi zile za Wabelgiji, Bulamatari, yaani serikali yao, aliamuru watu watoke kwenye vijiji vya ndani waje kujenga barabarani, wahesabiwe kwa urahisi na barabara ipate wa kuifagia. Mimi nilizaliwa hapo hapo barabarani. Nyanya yangu, mama wa baba, hakuzaliwa hapo, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Kwake yeye, kwetu ni matongo, kile kijiji kilichohamwa, mwendo wa asubuhi nzima ng'ambo ya vilima viwili. Akipika sombe, yale majani ya muhogo, sombe ya matongo ilikuwa tamu zaidi. Akiteka maji, ya matongo yalikuwa baridi zaidi. Shangazi yangu alikuwa akibenua midomo kila akisikia hayo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo nyanya hakulifanyia mchezo. Mtoto wake wa kwanza, kaka mkubwa wa baba yangu, alifariki kabla hajaota meno. Alizikwa kule, kando ya kijito, chini ya michikichi mitatu. Hakukuwa na jiwe wala msalaba, ni ile michikichi tu. Sasa mwaka mmoja ikaja habari kwamba monitere wa pamba, yule aliyekuwa akitupimia mashamba, ameagiza bonde lote la matongo lifyekwe ipandwe pamba. Nyanya alikaa siku mbili mlangoni akitazama upande wa vilima.

Ndipo akafika mpiga foto kutoka Kasongo. Alikuja akisukuma kinga yake, baiskeli yenye tairi lililopasuka, nyuma amefunga kisanduku, miguu mitatu ya mti na kitambaa cheusi. Kapita, mkubwa wa kijiji, ndiye aliyemwita, na kila nyumba ikaahidiwa foto moja. Mungu wangu, siku ile! Wanaume waliazimana koti moja jeusi, likapita nyumba hadi nyumba. Ukiziona foto zile leo utadhani kijiji kizima kilikuwa na mshonaji mmoja. Shangazi alijifunga kikwembe, kitenge chake kipya, kile chenye ndege, akangoja tangu alfajiri.

Zamu yetu ilipofika, nyanya akasema foto yetu haipigwi hapa. Itapigwa matongo, na hakuna atakayesimama ndani yake.

"Foto bila mutu?" mpiga foto akashangaa. "Mama, hiyo ni foto ya nini? Batu iko wapi?"

"Ni foto ya kwetu," nyanya akamjibu.

Shangazi alilia kwa hasira, machozi kweli kweli, na kikwembe chake mwilini. Mpiga foto akasema amechoka, kule ni mbali. Nyanya akamletea jogoo, na mara miguu yake ikapona.

Kesho yake tulikwenda watatu, nyanya, mpiga foto, na mimi nimebeba bukari, ugali wetu wa muhogo, na karanga. Njia nzima nilimuuliza maswali. Kitambaa cheusi cha nini? Kisanduku kinaonaje? Picha ikishaingia, kwa nini isitoroke? Tulipofika akachoka nami, akaniingiza chini ya kitambaa nione mwenyewe. Jamani! Matongo yalikuwa kichwa chini, michikichi inaning'inia kutoka juu! Nilitoka mbio nikaenda kunawa miguu kijitoni, upande wa kuume, upande wa mkono wangu wa kula. Nakumbuka vizuri, maana mpiga foto alinifokea kwamba nimeingia kwenye foto yake. Nyanya alisimama kando, mikono nyuma.

Foto ilichukua miezi kurudi. Michikichi haikungoja. Ilikatwa, pamba ikapandwa, na sisi wenyewe tukapelekwa kuipalilia. Siku mpiga foto alipopita tena, majirani walijaa uani. Nyanya akaishika foto yake, akaigeuza huku, akainamisha kichwa, akaitazama tena.

"Hapa si kwetu," akasema. "Kijito iko kushoto. Kwetu kijito iko kuume."

Watu wakacheka. Mpiga foto akaapa kwa Mungu kwamba ni pale pale. Baba akasema kwa upole, "Mama, macho yako imechoka." Shangazi, ambaye kile kikwembe kilikuwa bado kinamuuma, akasema si macho, ni kichwa.

Nyanya hakumjibu, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana nyanya hakuwahi kukosa jibu. Jioni nilimkuta jikoni akigeuza viganja vyake, mkono huu, mkono ule, akinong'ona. Alikuwa ameanza kujishuku. Kama amesahau kijito kiko wapi, basi amesahau na mtoto wake yuko wapi, na michikichi ya kumkumbusha haipo tena. Niliumia sana. Mimi nilijua hakukosea, miguu yangu ilinawa kule. Lakini nani angemsikiliza msichana wa miaka minane?

Nikawa naichungulia foto ile kila siku, nitafute kosa liko wapi. Siku moja nilikuwa nimetoka kula bukari na sombe iliyoelea mawese, wala sikunawa vizuri. Vidole vyangu vikaacha doa jekundu mgongoni mwa karatasi. Wee! Nikajua leo nimekwisha. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikaiinua foto kwenye jua la saa sita nione mafuta yameingia kiasi gani. Pale kwenye doa karatasi ilikuwa imeng'aa, mwanga unapita, na kwa upande ule wa nyuma nikaona kijito. Kiko kuume.

"Nyanya! Kuya uone! Kuya uone kwa mugongo!"

Alikuja na mwiko mkononi, akatazama pale kwenye doa. Alirudi jikoni, akachovya kidole kwenye mawese, akaupaka mgongo wote wa foto, pole pole, pembe hadi pembe, kama mtu anavyompaka mtoto mchanga mafuta baada ya kumwogesha. Kisha akaiinua juani. Michikichi mitatu, kijito kuume, na majani mafupi pale chini. Nyanya akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Alipomaliza kulia akamwita shangazi kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, aje aone ni kichwa cha nani kilichochoka.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu Kasongo na kujifunza kusafisha foto mwenyewe, nilielewa kwamba yule bwana alikilaza kioo chake kilichoshika picha upande usio wake, ndiyo maana kuume kukawa kushoto. Ni kosa la kawaida, hata mimi nimelifanya. Lakini tangu siku ile sikupata tena hamu ya kupiga sura za watu. Nikifika mahali nataka kujua maji yako upande gani, na nani aliyewahi kunawa pale. Nyuma ya kila foto yangu nimeandika: mto kuume, mto kushoto.

Nyanya hayupo. Shangazi hayupo, wala kile kikwembe cha ndege. Pamba ilikwisha, pori likarudi, na matongo huwezi kuyatambua. Mwaka jana nilipanda pikipiki hadi tulipokuwa tukikaa, nikaendelea kwa miguu na uzee wangu huu, nikaiinua foto ya nyanya juani kwa mgongo, nikasogea huku na kule mpaka vilima vya karatasini vikakaa juu ya vilima vyenyewe. Nikasimama pale nikasali.

Basi leo nimemwita yule mjukuu. Nimemtoa nje kwenye jua nikamshikisha foto ya matongo, upande wa mafuta. Nilikwisha kumsimulia yote haya. Aliitazama kwa muda mrefu, amefumba jicho moja. Hakuuliza tena watu wako wapi.

"Nyanya," akasema polepole, "mutoto iko wapi hapa?"

Nikamshika kidole, nikakiweka.