Vidudu Tumboni mwa Madoa

Nakumbuka asubuhi moja kule Endabash, mwanangu, mama aliponiita kwa sauti niliyoisikia mara chache. Ng'ombe wetu Madoa alikuwa amelala kando ya ghala, tumbo limevimba kama ngoma. Mahindi tuliyoloweka kwa ajili ya pombe ya sherehe ya shangazi alikuwa ameyamaliza yote.

Madoa ndiye aliyekuwa ng'ombe wetu pekee wa maziwa, na wadogo zangu walikuwa bado wanamtegemea. Majirani walikuja upesi, wakamnywesha magadi, wakamtembeza hadi tumbo likashuka. Tukashukuru. Lakini akagoma kula. Wala hakucheua. Nawe unajua, ng'ombe asiyecheua ni jiko lililozimika: sufuria ipo, chakula hakiivi.

Tulikuwa na bibi mmoja jirani, aliyekuja kuishi kwa binti yake kutoka Arash, Umasaini. Sote tulimwita Koko, kama Wamasai wanavyomwita bibi. Alisema dawa ni rahisi: tumvizie ng'ombe mzima anapocheua, tumtoe tonge la majani mdomoni, tumlishe Madoa. Kwao wafugaji hufanya hivyo tangu zamani. Mama akaanza kukunja mikono ya gauni.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Lazima nikueleze nilivyokuwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, lakini barua ya mistari mitatu ilinichukua mchana mzima, na mgeni akija nyumbani mimi nilikuwa nakumbuka ghafla kazi ya zizini. Haya zilinijaa. Siku chache kabla ya hapo nilikwenda machinjioni Karatu pamoja na mjomba. Bwana mifugo alikuwa na hadubini mezani, akiwaonyesha wanafunzi wake tone la maji yaliyokamuliwa kutoka tumbo la ng'ombe aliyechinjwa. Akaniita nami nitazame. Niliona vidudu, mwanangu! Vinono kama mbegu za boga, vina vinyweleo pembeni, vinaogelea na kupishana kama watu mnadani. Nilitazama, nikasema asante, nikaondoka. Shuleni tulifundishwa kwamba vidudu huleta magonjwa, basi nikajua nimeuona ugonjwa.

"Mama, usithubutu," nikasema. "Majani hayo yamejaa vidudu. Nimeviona kwa macho yangu."

Baba Tluway, jirani yetu, akasema kijana huyu hasemi ovyo, akisema ujue ameona. Ndiyo hatari ya mtu mkimya: siku akikosea, anaaminiwa. Mama akashusha mikono ya gauni.

Madoa akazidi kukonda. Mbavu zikahesabika, na mama akaanza kuzungumza na mchinjaji.

Koko alinikuta nakata majani ambayo Madoa hakuyagusa.

"Layoni," akaniita. Hilo ni jina la mvulana ambaye hajapita jandoni, nami nilikuwa nimepita, na yeye alijua. "Hivyo vidudu vyako, ulimuuliza bwana mifugo vina kazi gani mle ndani?"

"Sikuuliza, Koko."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Ahaa. Haya za kuuliza unazo. Haya za kukataza huna."

Akaenda zake, hata hakugeuka. Maneno yale yalinisukuma hadi Karatu kwa miguu, njia nzima nikilirudia swali langu kama mtoto aliyetumwa dukani.

Bwana mifugo hakunicheka. Alinieleza kwamba kila kidudu kile ni seli moja tu. Hakina kichwa wala miguu, lakini kinakula, kinatembea, kisha kinajigawa, vinakuwa viwili. Ng'ombe hawezi kuyayeyusha majani peke yake. Wanaomsaidia ni hivyo vidudu, pamoja na vingine vidogo zaidi ya hivyo. Mahindi ya Madoa yalichacha tumboni, yakaviua. "Kuna kidudu cha ugonjwa wa ndigana kinacholetwa na kupe, hicho kiogope," akasema. "Lakini hivi ni wapishi wake. Mpelekee wapishi wengine."

Nilipofika nyumbani, mchinjaji alikuwa uani na kamba imeshafungwa shingoni mwa Madoa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nilikosea, na Koko alisema kweli. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: nikamvaa ng'ombe wa Baba Tluway aliyekuwa anacheua kwa raha zake. Aliniuma vidole, akanitia mate hadi kiwiko, na Baba Tluway akasema tangu azaliwe hajaona mtu mzima akimpokonya ng'ombe tonge mdomoni. Hata mchinjaji alicheka, akaifungua kamba yake akisema atarudi siku nyingine. Tonge nikalitia mdomoni mwa Madoa, tukarudia jioni, tukarudia kesho yake. Kisha asubuhi moja mama akaniita tena, safari hii kwa kunong'ona. Taya la Madoa lilikuwa linakwenda, taratibu, huku na huku.

Nilimweleza Koko yote niliyofundishwa. Akafikiri, akatabasamu. "Basi ng'ombe naye ni mfugaji," akasema. "Ana zizi lake tumboni."

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona nusu ukaitangaza kuwa nzima. Ukikutana na kitu usichokijua, hata kiwe kidogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho, kwanza uliza kina kazi gani, ndipo useme kifukuzwe au kibaki. Na kama una haya kama nilivyokuwa mimi, usizione ni kilema. Ziweke kwenye kukataza na kuhukumu, uziondoe kwenye kuuliza.

Nenda kwa amani. Mungu akupe mvua ya kutosha na jirani wa kukukemea kwa upendo, na mifugo yako iongezeke, unayoiona na usiyoiona.