Siku Niliyokwenda Kuomba Ruhusa Mpira Ukichezwa

Mie si mtu wa kuona haya, muulizeni yeyote huku Oman kuanzia Firq mpaka Mudhaibi, lakini kuna uwanja mmoja wa mpira pale Ibra ambao nikipita na gari hupandisha vioo na kutazama upande wa pili, na vioo vyangu vyenyewe ni vyeusi. Nakusimulieni kwa mdomo wangu kwa sababu mkisikia kwa watu mtaambiwa kwamba nililala usingizi, na sikulala. Ingekuwa nililala, angalau ningekuwa na udhuru.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa Tabora, shule niliiacha darasa la nne (mwalimu alisema nitarudi tu, nadhani bado ananisubiri), nikaja Oman kijana na begi moja, nikalala juu ya maboksi katika gereji ya Mzee Suleiman kule Firq, yeye ndiye aliyenipa pa kuweka ubavu na kunifundisha kutengeneza viyoyozi vya magari, na leo nina gereji tatu, na joto likipanda hata wakubwa wananipigia simu kwa sauti ya upole kabisa. Sisemi kwa kujisifu. Au nasema kwa kujisifu kidogo.

Sasa chuo kimoja cha pale Ibra kina timu, na jezi zao nawanunulia mie, jina la gereji yangu liko mgongoni. Mwaka huo walikuwa wamebakisha mechi moja, nyumbani, na vijana wa Sur, wakipata hata sare tu wanakwenda kucheza fainali Nizwa. Siku mbili kabla, kocha wao, bwana mmoja wa Tunis, akapata kazi nchi nyengine, akaaga kwa ujumbe wa simu, akapanda ndege. Mie siku hiyo nimekwenda kupeleka soksi. Nimeingia ofisini kwa Ustadh Nasser, msimamizi wa michezo wa chuo, nimemkuta kashika kichwa, na mbele yake amekaa Haitham, kapteni, kijana mrefu mpole ambaye muhula huo ndio alikuwa anamaliza chuo, na miaka minne yote aliyocheza, fainali alikuwa anaisikia kwa wenzake tu.

Basi mdomo wangu, bila ya kuniuliza, ukasema, "Nipeni mie."

"Ami, umewahi kufundisha mpira?" akaniuliza Haitham.

"Mpira? Wewe mtoto wewe! Mie Tabora nilikuwa winga ya kulia, nikipata mpira abiria wanateremka kwenye treni kunitazama." (Nilicheza mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu mwenye mpira alikuwa binamu yangu.)

Ustadh Nasser akanitazama, akatazama jezi iliyotundikwa ukutani yenye jina la gereji yangu, akavuta pumzi. "Haya. Vijana wanajua kazi yao. Wewe ukae benchi, utie saini karatasi, basi. Usiguse kitu, Ami, wallahi."

"Sigusi."

Kutoka hapo nikawa naelea. Nilikuwa naendesha gari na milima ya Ibra inaniangalia, naona kama inaniambia "kocha, kocha," na nyumbani mke wangu, Bi Zuwena, akinikuta nimesimama jikoni natabasamu peke yangu. "Mume wangu kapata jinni," akasema, "au kapata mke wa pili." Nikamwambia nimepata timu. "Bora mke wa pili," akasema, "mmoja huyo. Hawa kumi na moja."

Siku ya mechi, baada ya sala ya alasiri, uwanja ulikuwa umejaa mwanga ule wa vumbi, wa rangi ya asali, mpaka watu wanaonekana kama wamechorwa. Nimevaa tracksuit mpya (imenibana, lakini nyeusi humpunguza mtu), nimetia filimbi shingoni ambayo hakuna aliyeniambia niivae, na watu wananiita kutoka jukwaani, "Kocha! Kocha!" Haitham akafunga bao kwa kichwa mapema kabisa. Sikufanya lolote, lakini nilinyoosha mikono juu kama nimelileta mie kutoka nyumbani.

Mapumziko tukawa tunaongoza. Kipindi cha pili, zilipobaki kama dakika ishirini, beki wetu wa kushoto, Azzan, msuli ukamkaza, akainua mkono kuomba kutoka. Nikamwita. Akatoka anachechemea, akakaa benchi. Mchezaji wa kuingia, Mazin, akasimama kwenye mstari amekwishavua koti. Yule bwana wa mezani akanisogezea karatasi na kalamu: kwenye mashindano hayo hakuna anayeingia mpaka kocha atie saini.

Na hapo, kalamu mkononi, ndipo iliponijia kwamba Azzan ni mtoto wa Mzee Suleiman. Mzee Suleiman yule yule aliyenilaza juu ya maboksi yake, na sasa amekaa juu kabisa jukwaani, ametoka Firq makusudi kuja kutazama. Mie nimtoe mwanawe mbele ya watu wote wa mkoa wa Sharqiyah, bila hata ya kumpa neno? Mtu gani mie?

"Dakika moja," nikamwambia bwana wa mezani. "Namwambia baba yake, narudi."

"Ami, tia saini kwanza!" Ustadh Nasser akaniita. Lakini nilikwishapanda ngazi.

Mzee alikuwa amekaa juu ya mkeka, kivulini, na chupa ya kahawa, tende, na bakuli la halwa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu, kaa." Nikakaa. Na nyinyi mnajua, huwezi kumfikia mtu mzima ukamtupia haja yako kama bili ya umeme. Hali yake, hali yangu, mama watoto, watoto, mguu wake, mguu wa dada yake, mvua zilizonyesha Nizwa. Akanimiminia kahawa. Nikanywa, nikamrejeshea finjani bila ya kuitikisa, na finjani usipoitikisa maana yake unataka tena, basi akamimina tena, na halwa nikachota kwa vidole, ya moto moto bado.

"Hii halwa," Mzee akasema, "inanikumbusha asali ya Tabora."

Jamani. Yeye naye ni wa kule, na akishafika kwenye asali hakuna kurudi. Tukaenda naye taratibu, kwa maneno, mpaka stesheni ya Tabora, harufu ya mafuta ya treni asubuhi, madebe ya asali yamepangwa kwenye sakafu, wanawake wanaita abiria dirishani, na bibi yangu mwenyewe, ambaye sikuwa nimeuona uso wake moyoni kwa miaka, akaja akasimama pale kwenye ukungu na kanga yake, ananiangalia. Chini kule uwanjani watu walikuwa wadogo kama mbegu zinazopeperuka. Nikasikia kelele, za mbali, tamu, kama mvua juu ya mabati. Nikatazama, nikaona benchi letu lote limesimama linanipungia mikono. Nikasema moyoni, tazama vijana wanavyonipenda. Nikawapungia na mie. Mzee akamimina tena. Kelele zikaja mara ya pili, na mara hii wakapunga kwa mikono miwili, na mie nikapunga kwa mikono miwili.

Kisha nikakumbuka haja yangu. "Mzee," nikasema kwa adabu, "nimekuja kukuomba ruhusa, nataka kumtoa Azzan."

"Azzan?" akasema. "Kwani leo anacheza? Macho yangu mie, mwanangu, yanaishia kwenye chupa ya kahawa." Akafikiri kidogo. "Sasa kama ni wa kutoka si umtoe? Mie ndiye refa?"

Ustadh Nasser akatokea ngazini, kofia imekaa upande, hana pumzi. "Ami! Mbili!"

"Tumefunga mbili?"

"Tumefungwa mbili! Upande wa Azzan, hakuna mtu! Tuko kumi dakika zote hizi, na yule bwana hataki saini yangu!"

Niliteremka zile ngazi sijui vipi, nyengine kwa miguu, nyengine kwa makalio, na tracksuit ikapasuka nyuma mbele ya watu wote wale waliokuwa wakiniita kocha. Nikatia saini na vidole vya halwa, karatasi ikaniganda mkononi, bwana wa mezani akawa anaivuta na mie naivuta, jukwaa zima likacheka. Mazin akaingia. Akagusa mpira mara moja tu, filimbi ya mwisho ikalia.

Haitham akaja akakaa kando yangu. Alikuwa anavua kile kitambaa cha ukapteni mkononi, polepole.

"Ami, ulikwenda wapi?"

"Kumwambia baba yake Azzan."

"Azzan mwenyewe aliomba kutoka."

"Najua."

"Si ungemwambia baba yake baada ya mechi?"

Bora angenitukana. Nikaivua ile filimbi shingoni, nikaitia mfukoni.

Siku ya fainali niliichukua timu nzima kwa gari zangu mpaka Nizwa, nikawalisha, tukakaa kutazama watu wa Sur wakicheza mechi yetu. Haitham hakuja. Nilimpigia simu. "Sina kinyongo, Ami," akasema, "ila leo sitaki kuona mpira." Kisha akaniuliza hali yangu, ya Bi Zuwena, ya watoto, moja moja, kwa utaratibu wote, kama alivyolelewa, na mie kila swali nikajibu huku nakaza macho yasinitoke machozi.

Tangu hapo jezi nanunua, soksi napeleka mpaka mlangoni, siingii ofisini. Na kama mtu anataka kujua heshima yangu kwa wazee iko wapi, iko pale pale, ila imejifunza kusubiri filimbi ya mwisho.