Jiwe Jeupe Ghubani

Wakifyeka majani katika shule iliyo jirani na nyumba yangu hapa Iringa, ile harufu mbichi huingia mpaka jikoni, nami huacha ninachofanya nikakaa. Hunirudisha kwenye ghuba moja ndogo ya Ziwa Nyasa, miaka ya hamsini, nikiwa darasa la pili.

Tulikuwa tunakaa Iyunga. Siku moja Mama aliniambia nivae gauni la kanisani, tukapanda basi hadi Tukuyu, kisha lori lililokuwa likishuka ziwani kufuata mchele. Hakusema tunakwenda kumwona nani. Nilijua tu kwamba alizaliwa kule, kabla mzungu mmoja hajapewa ile ghuba na watu wake kuambiwa wahamie juu milimani.

Sikuwa nimewahi kuona maji mengi namna ile, wala kimya kama kile. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Palikuwa na nyumba nyeupe ya mapumziko, na mbele yake majani mafupi kama kichwa kilichonyolewa, mpaka mchangani. Mgomba, ambao kwetu haukosi mlangoni, haukuwepo.

Mlinzi, mzee wa kwetu, alitujia mbio.

"Mwanangu, hapa hapapitwi."

"Ugonile, baba," Mama alimsalimu akipiga magoti. "Mimi ni binti wa hapa. Nina mtu wangu hapa."

Mzee alimtazama, akaitikia kwa sauti iliyoshuka. "Ndaga, mama. Wenyewe wamekwenda kwao likizo. Fanya upesi, nisije nikafukuzwa."

Mama akavua viatu, akatembea juu ya yale majani polepole, akisimama, akirudi, akiinama kugusa ardhi. Nilidhani anafurahia ulaini wake. Mimi nilikimbilia majini, nikalowesha gauni, na wakati wa kurudi nikaona jiwe jeupe lenye herufi. Nikasoma kwa majivuno yote ya darasa la pili.

"Mama! Wamezika simba!"

"Si simba," mzee akasema, akitazama chini. "Ni mbwa wa bwana. Ndilo jina lake. Kila Jumamosi nalipaka chokaa."

Mama alikuja akasimama mbele ya lile jiwe. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akavaa viatu vyake, tukaondoka, na njia nzima hakunigombeza kwa gauni.

Nilikuwa nimeshaolewa mama mdogo aliponieleza. Kabla yangu Mama alizaa mtoto wa kiume, akafa angali ananyonya, wakamzika migombani nyuma ya nyumba, kama desturi yetu. Mwaka uliofuata walihamishwa, migomba ikang'olewa, nyumba ikasawazishwa na ardhi. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile tulikwenda makaburini, nami nikacheza.

Nilimfuata Mama, nikamkuta anachambua maharage.

"Mbona hukuniambia?"

Alitupa kokoto moja pembeni.

"Ungeniuliza yuko wapi," alisema. "Ningekuonyesha wapi?"