Viatu Kwenye Mlango wa Kamba

Sisi Waswahili wa Kamembe, huku Rwanda, hatujui kuingia ndani ya nyumba na viatu. Nalisema mapema, maana bila hilo asubuhi ile haieleweki.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa tumefyeka kiwanja ambapo mji ulipanga kujenga nyumba mpya ya umma: upande mmoja madirisha ya kuombea vyeti, upande mwingine ukumbi wa harusi na mikutano, nyuma uwanja wa michezo. Injinia, kijana mpole, alitaka kila mtu auone mpango. Akapiga vigingi, akafunga kamba, jengo zima likachorwa juu ya ardhi. "Ingieni muone," akasema.

Basi tukaingia. Na wote, bila kuambizana, tukavua viatu kwenye mlango wa kamba, ndala na mabuti yenye tope yakarundikana pale. Injinia alicheka mpaka akashika tumbo. Sikupendezwa, ila nilishafika ukumbini na nilikuwa nachagua pembe ya kumkalisha bi harusi.

Mama yangu alifika nyuma yetu na fimbo yake. Tangu magoti yamkatae, alikuwa haendi popote penye watu. Cheti kikihitajika, natumwa mimi. Harusi ikiwapo, anabaki nyumbani na kuletewa pilau kwenye bakuli la kifuniko, pilau aliyoichukia kama dawa. Habari za jengo hili zilimchangamsha. Alitaka kuingia kwa miguu yake, akae na wenzake, agombane na wapishi ana kwa ana.

Akasimama chini ya mteremko, akatazama vijiti vilivyolazwa kuelekea mlangoni.

"Na hii ni nini?"

"Ni eskalye, Maman," injinia akajibu. "Ngazi za kupandia."

"Basi miye sitafika."

"Zunguka kwa juu, Mama, kule ni sawa," nikamwambia. "Uruke kamba tu."

"Si mumesema ni ukuta? Siwezi ruka ukuta ya Leta."

Leta ni Serikali, na mama yangu hachezi na Serikali. Akabaki nje, mikono juu ya fimbo, huku sisi tumo ndani ya nyumba isiyokuwapo. Ungecheka. Mimi damu ilinichemka. Nikatoka kupitia mlangoni, maana hata kwa hasira sikuthubutu kuruka kamba, nikavaa viatu, nikateremka kusimama naye.

Jirani yangu, mwanamke wa Bukavu anayeuza vitenge, akatoka pia. "Kama Mama iko inje, na siye tuko inje." Wengine wakamfuata, kila mmoja akitafuta ndala zake katika ule mrundikano, mpaka ukumbi ukabaki mtupu.

Injinia akaacha kucheka. Hakubisha. Akapanda upande wa juu, ambako ardhi iko sawa na barabara, akapima kwa hatua zake, kisha akang'oa vigingi. "Mlango utakuwa huku," akasema, nasi tukamshikia kamba.

Hata leo nikipita pale kifua hunijaa. Kigali nimeona majengo marefu, lakini hakuna hata moja nililolishikia kamba.

Siku ya ufunguzi wakubwa walikuja na suti na viatu vya kung'aa. Utepe ukakatwa, kisha injinia akamwomba mama atangulie. Akatembea polepole, bila kushikwa na mtu, mpaka kizingitini. Pale akavua ndala zake, akaziweka kando ya ukuta kama afanyavyo nyumbani, akaingia. Kisha akageuka. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, wala sikuona haya.

"Muingie, batoto bangu," akasema. "Lakini mutoe viatu."

Nikainama kuvua vyangu. Nyuma yangu nikasikia wakubwa nao wanavua.